Usiamini taa ya kijani: redio za dharura zinapimwa kwa kuzima umeme

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye hii kazi ya kutunza mitambo ya redio za polisi, zimamoto na ambulensi, nacho ni kwamba watu wengi wakishaona taa za kijani kwenye skrini wanahesabu kazi imekwisha. Taa ya kijani inakwambia umeme upo na mtambo umewaka, basi. Haikwambii kama mzimamoto aliyeko ghorofa ya chini kabisa, kuta za zege kila upande, betri ya redio yake imebaki nusu, akibonyeza kitufe atasikika. Na huyo ndo mtu tunayemfanyia kazi jamani.

Nianze na betri za saiti, yaani kituo chenye mnara na mitambo ya redio, manake hapo ndo mitandao mingi inapoangukia. Saiti nyingi zinatumia betri za madini ya risasi za mfumo wa volti 48, na chaja inazishikilia muda wote kwenye volti kama 54 hivi. Fundi anakuja, anaweka mita, anasoma 54, anaandika kwenye fomu "nzuri", anafunga mlango. Sasa ile 54 ni ya chaja! Betri yenyewe inaweza kuwa imekufa ndani na wala usijue mpaka siku umeme ukatike, saiti inadumu dakika chache halafu kimya, na kwa kawaida umeme unakatika siku hiyohiyo ya dhoruba au mafuriko ambayo kila mtu anaihitaji redio.

Dawa ni moja tu. Waambie wa chumba cha mawasiliano, hakikisha saiti ya jirani inabeba eneo lako kwa muda huo, halafu zima umeme mkuu. Acha mtambo ufanye kazi kwa betri na mzigo wake wa kawaida, kaa hapo na mita, pima betri moja moja kila baada ya muda na uandike. Iliyochoka inajitokeza yenyewe, volti zake zinaporomoka wakati wenzake bado wametulia, na hiyo moja inatosha kuangusha safu nzima. Uwezo ukishafika chini ya asilimia 80 ya ule wa mwanzo, badilisha, usisubiri, kwa sababu kuanzia hapo inashuka kwa kasi. Halafu joto. Betri za risasi zimetengenezwa kuishi kwenye nyuzi 25 hivi, ukiongeza nyuzi 10 juu ya hapo umri unakaribia kukatika nusu, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba cha mitambo kikiharibika msikiweke mwisho wa foleni ya matengenezo eti ni starehe ya mafundi.

Jenereta ni hivyohivyo. Kuiwasha dakika tano kila wiki bila mzigo sio kuipima. Ipe mzigo, iache iungurume muda wa kutosha, na angalia dizeli iliyokaa kwenye tangi kwa muda mrefu, maji yanajikusanya chini, utando unaota, filta inaziba. Wakati wa kimbunga Katrina kule Marekani mwaka 2005 mawasiliano mengi yalikatika kwa sababu jenereta zilizama au ziliishiwa mafuta na njia za kuyafikisha zilikuwa chini ya maji. Mpango wa kufikisha mafuta ni sehemu ya mtandao kabisa, uandikwe, ujulikane gari gani, dereva gani, na funguo za geti ziko kwa nani saa nane usiku.

Haya, juu ya mnara. Adui mkubwa ni maji kwenye konekta, kile kiungio cha kebo na antena. Ukifungua konekta iliyoingia maji utaiona mara moja, unga wa kijani kwenye shaba, pengine tone linadondoka kabisa, na ile tepu ya juu ilikuwa inaonekana safi tu. Na hapa kuna mtego ambao nataka kila fundi kijana aujue: kebo mbovu inaficha ubovu wa antena. Ukipima nguvu inayorudishwa na antena ukiwa chini, kebo iliyolowa inakula nguvu ikipanda na inaikula tena ikirudi, kwa hiyo mita inaonyesha kidogo sana kinachorudi na unafurahi. Kebo ikiwa inapoteza desibeli 6, hata antena ikatike kabisa kule juu, chini utasoma SWR (kipimo cha nguvu inayorudi, kadiri ilivyo karibu na 1 ndo nzuri) kama 1.7 hivi, namba ambayo wengi wanaipitisha, huku robo tu ya nguvu ndo inafika juu. Kwa hiyo pima na upotevu wa kebo yenyewe, linganisha na vipimo vya siku ilipofungwa. Kama vipimo vya siku hiyo havipo, chukua vya leo na uvitunze vizuri.

Na hasara hiyo haiwaumizi wote sawa. Ripita, yaani mtambo wa saiti unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena kwa nguvu, inarusha wati 50 na zaidi, redio ya mkononi ya VHF ni wati 5 tu. Antena ikichoka, walioko nje bado wanaisikia ripita vizuri, wanadhani kila kitu kiko sawa, ila wao wakijibu hawafiki. Ndo maana malalamiko ya "tunawasikia ila hawatusikii" mi nayachukua kwa uzito mkubwa kuliko alamu yoyote.

Tena mtambo kuwa mzima, bila kasoro, peke yake haitoshi. Septemba 11 mwaka 2001, siku ya mashambulizi ya kigaidi, World Trade Center, yale majengo marefu pacha ya New York, ilikuwa na ripita ya wazimamoto, iliwekwa baada ya shambulio la bomu la 1993 hapohapo. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba kwenye mnara wa kaskazini kitufe cha pili, cha kuwezesha kifaa cha kuongelea, hakikubonyezwa, makamanda wakajaribu, wakaona haifanyi kazi, wakaiacha. Ripita ilikuwa nzima! Kwa hiyo majaribio yafanywe na wale wanaozitumia, wakiwa na vifaa vyao na glavu zao, ndani ya yale majengo wanayoyaogopa, sio fundi peke yake kwenye paa ambako kila redio inasikika.

La mwisho, chaneli ya moja kwa moja, redio kwa redio bila mnara. Iwekwe sehemu ileile kwenye redio zote za polisi, zimamoto na ambulensi, swichi ikigeuzwa mpaka mwisho iwe hapo, ili mtu aipate gizani kwa kuhesabu kwa vidole. Mnara ukizimika hiyo ndo iliyobaki, na nimeona redio mpya zinagawiwa bila hata mtu mmoja kuonyeshwa iko wapi.