Sarafu za chama mezani

Hii ilikua 2019, tukiishi Umoja, na nilikua nimekwama wiki tatu na data za 2012 za CMS, kile kitambuzi kikubwa cha chembe huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya inayogonganisha protoni, zile wameachia watu wote bure. Nilikua nachagua migongano ambapo bozoni ya Z, chembe nzito inayoishi kitambo kidogo sana, imegeuka myuoni mbili, ndugu wazito wa elektroni. Hapo hakuna nyutrino, chembe inayopita bila kuonekana, ya kutoroka, kwa hivyo ukijumlisha momentamu zote (msukumo wa kila chembe pamoja na mwelekeo wake) zinazokatiza mwale wa protoni, jibu linafaa likaribie sufuri. Langu halikukaribia. Na venye migongano ilizidi kurundikana ndivyo grafu ya hayo majibu ilizidi kupanuka, maana mwaka huo mafungu ya protoni yakipishana mara moja unapata wastani wa migongano kama 20 kwa mpigo, na mimi naitaka mmoja tu.

Hilo liliniuma sana, ju nyutrino ama hata mata giza haiachi alama yoyote, unaijua tu kwa kile kinachokosekana kwenye hesabu, sasa hesabu ikiwa chafu utasema nini?

Jumapili jioni Mama, mweka hazina wa chama mbili, alikua anahesabu pesa za zote mbili kwa meza ileile niliyowekea laptopu. Noti ziko kwa bahasha zenye majina, sarafu zimemwagika. Akasema, "Hizi za bahasha hazinisumbui, zina wenyewe. Shida ni hizi silingi." Halafu nikamwona anaangalia kila sarafu imelala karibu na bahasha za chama gani, anaisukuma huko.

Nikanyamaza kabisa. Chembe zenye chaji ya umeme ndizo noti za bahasha, njia yake inakurudisha hadi mgongano ilikotoka. Zisizo na chaji ndizo sarafu, hazina jina. Mbinu ya kuchuja migongano ya ziada inayoitwa PUPPI, iliyopendekezwa 2014, nilikua nimeisoma mara nne bila kuishika: kila chembe isiyo na chaji unaipa uzito kati ya 0 na 1, ukitazama majirani zake wenye chaji, kama wengi ni wa mgongano wako uzito unapanda, kama yuko peke yake unashuka. Mimi nilikua nazihesabu zote nzimanzima!

Nikaandika upya hiyo sehemu, chai ikapoa, na karibu saa nne usiku grafu ya ile migongano iliyojaa zaidi ikakonda mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele. Mama akauliza, "Kwani yako imebalansi?"

"Imekaribia, Mama."

"Basi njoo unisaidie, hapa mia mbili haionekani."