Andika kabla kamati haijapiga kura

Kila ukikaribia mwezi wa kwanza simu yangu inaanza kujaa meseji za aina moja, dada eti ukimwandikia mbunge wa jimbo anasoma kweli au tunajichosha bure, dada wewe ulimpataje yule wa kwako. Nimejibu kwa voisi mpaka nimeona ngoja niandike hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Tuelewane kwanza, nikisema jimbo namaanisha stet, yaani Washington nzima hii tunayoishi hapa Marekani, sio jimbo la uchaguzi kama la kule nyumbani. Na nikisema wabunge sizungumzii wale wa Washington DC, makao makuu ya nchi nzima, unaowaona kwenye taarifa ya habari kila usiku. Makao makuu ya jimbo letu ni Olympia, kama maili 60 kusini mwa Seattle, na pale kuna bunge kamili, wawakilishi 98 na maseneta 49, na mengi yanayotubana kila siku yanaamuliwa pale, kodi ya nyumba za kupanga, shule za watoto, leseni ya udereva. Mimi nilikaa nchi hii miaka sita bila kulijua hilo vizuri.

Kilichonifundisha ni karatasi. Mwaka 2023, mwezi wa kumi, natoka shifti ya usiku saa moja asubuhi nakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa selotepu, kodi yangu inapanda kutoka dola 1,650 kwenda dola 1,980. Nilisimama pale kwenye korido koti bado liko mwilini nikapiga hesabu kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea, asilimia 20. Nikashuka ofisini kwao, yule binti wa mapokezi wala hakuwa mkali, akaniangalia tu akasema dada sheria inaruhusu. Na alikuwa anasema kweli. Wakati ule sheria ya jimbo haikuweka kikomo chochote cha kupandisha kodi, ilichotaka ni wewe upewe taarifa mapema basi, halafu kuna sheria ya tangu 1981 inayoizuia miji yenyewe kuweka kikomo, kwahiyo hata ungeenda kulia kwa meya angekupa pole tu. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, Olympia.

Ila sikulijua hilo, nikaandika DC. Barua ndefu, kurasa mbili, nimeimwagia kila kitu. Baada ya wiki kadhaa nikajibiwa kwa ustaarabu kabisa kwamba suala hili ni la jimbo, wasiliana na wabunge wako wa jimbo. Nikajiuliza, wabunge wangu wa jimbo ni akina nani? Sikuwa najua hata jina moja.

Kuwapata kumbe ni dakika mbili. Unaingia tovuti ya bunge la jimbo, unaandika anwani unayoishi, wanakuja watu watatu na picha zao, seneta mmoja na wawakilishi wawili, maana jimbo limegawanywa wilaya 49 na kila wilaya ina hao watatu. Kila wilaya ina watu kama 157,000 hivi. Wengi, najua, lakini linganisha na mbunge wa DC ambaye ana watu zaidi ya 700,000 mgongoni. Majimbo mengine wako karibu zaidi ya hapo, New Hampshire ina wawakilishi 400 kwa watu milioni moja na kitu, kila mmoja ana watu wachache kiasi kwamba unaweza kukutana naye dukani, na wanalipwa dola 100 kwa mwaka. California ni kinyume chake, seneta mmoja wa jimbo anabeba karibu watu milioni moja. Texas wanakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, ukichelewa pale unasubiri mpaka mwaka wa namba witiri, kama 2025, urudi tena. Kwahiyo ndugu zangu mlioko majimbo mengine angalieni ya kwenu yanaendaje, msichukue ya huku mkadhani ni yale yale.

Mwaka 2024 kulikuwa na muswada unaitwa HB 2114 (HB ni House Bill, muswada ulioanzia kwa Wawakilishi), ulitaka kodi isipande zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka. Mimi nimekuja kusikia kwa mwenzangu wa kazini, wakati umeshapita kwa Wawakilishi na umefika Seneti. Nikafurahi, nikakaa usiku mzima, nikaandika imeili moja nikaituma ile ile kwa wabunge wote 147. Wote. Nikapata majibu ya kompyuta ya kunishukuru, basi. Na nilipokuja kufuatilia nikagundua muswada ulishakufa siku kadhaa kabla sijatuma chochote, umefia kwenye kamati ya fedha ya Seneti bila hata kupigiwa kura.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Bunge hili halina muda. Mwaka wa namba shufwa, kama 2024, linakaa siku 60, mwaka wa namba witiri siku 105, na ndani ya siku hizo kuna tarehe za mwisho, kwamba kufikia siku fulani muswada uwe umetoka kwenye kamati, kufikia siku fulani uwe umepigiwa kura ukumbini, tarehe ikipita kabla haujavuka umekwisha kwa kikao kile, isipokuwa mambo ya bajeti. Mwenyekiti wa kamati akiamua tu asiuweke kwenye ratiba, umekufa kimya kimya, hakuna kura, hakuna jina la mtu aliyeupinga. Sisi tunangoja mpaka tuone kwenye habari ndio tupige simu, na kikifika kwenye habari mara nyingi kazi kubwa ishafanyika mwezi mmoja nyuma, kwenye chumba cha kamati chenye watu kumi na kitu. Barua ya mistari minne iliyofika kabla kamati haijapiga kura ina uzito kuliko kurasa mbili zilizofika baada.

2025 sikukubali yanikute tena. Kikao kilianza tarehe 13 Januari na muswada ulirudi na namba mpya, HB 1217. Safari hii niliandika kwa watu wangu watatu tu, nikampigia na simu mwakilishi mmoja. Aliyepokea ni msaidizi wake, kijana wa kiume, swali lake la kwanza halikuwa uraia wako ni wa wapi, aliuliza unaishi wapi, anwani, zip code, yaani namba ya posta ya eneo. Nikamtajia. Nikasikia anaandika. Akauliza namba ya muswada, unaunga mkono au unapinga, na sababu kwa kifupi. Dakika tatu simu imeisha. Baadaye aliniambia kwamba kila wiki wanamhesabia bosi wao nani kapiga kuhusu nini, na simu zenye habari ya mtu mwenyewe wanamsomea. Simu inayosema tu unga mkono muswada huu inahesabiwa, ni kweli, ila inabaki kuwa hesabu.

Barua yangu ya mwaka ule kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Naishi kwenye wilaya yako. Mwaka juzi kodi yangu ilipanda dola 330 kwa mpigo mmoja. Ili mwanangu asihame shule nimechukua shifti ya Jumamosi, na Jumamosi ndio siku pekee tuliyokuwa tunakula chakula cha mchana pamoja. Naomba uunge mkono HB 1217." Imeisha. Sikuweka takwimu za uchumi, hizo wanazo, wana wataalamu wa kuwapa. Habari ya Jumamosi yangu hakuna mtaalamu wa kuwapa.

Halafu nikajiandikisha kutoa maoni kwenye kamati. Huhitaji kwenda Olympia, unajiandikisha kwenye tovuti, unachagua unaunga mkono au unapinga, unachagua kama utazungumza kwa Zoom au unataka tu msimamo wako urekodiwe, ila hakikisha umejiandikisha zaidi ya saa moja kabla kikao hakijaanza maana baada ya hapo panafungwa. Ukishindwa kuzungumza unaweza kutuma maandishi mpaka saa 24 baada ya kikao kuanza. Wengi wanarudi nyuma kwa sababu ya kuogopa kuongea Kiingereza mbele za watu, basi chagua hiyo ya kurekodiwa, ni dakika moja na hakuna anayekusikia lafudhi.

Mimi nilizungumza. Nilikuwa kwenye gari, parking ya kazini, mapumziko ya dakika thelathini, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Walionitangulia wengine walikuwa wenye nyumba, na nisiseme uongo, walizungumza vizuri, mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya kupangisha alisema bima na matengenezo vimepanda na yeye hana kampuni kubwa nyuma yake, nikamwelewa. Ikafika zamu yangu, nikaona saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini, mikono inatetemeka, nikasoma kile kile nilichoandika kwenye barua. Nilipofika kwenye Jumamosi sauti ikakatika kidogo. Mwenyekiti akasema asante, anayefuata. Nikafunga simu nikarudi ndani kazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jirani yangu, mama wa Kikongo, ghorofa ya chini, mtu mzima, hajapata uraia na alikuwa anaogopa sana, anasema mimi mgeni nikianza kuandikia serikali si watanitafuta. Nilimwelewa hofu yake, sikumlazimisha. Nikamwambia tu nilichojua, kwamba haki ya kupeleka malalamiko yako serikalini iko kwenye katiba yao tangu 1791 na haikuandikwa kwa raia peke yao, na kwamba mbunge anahesabiwa watu wote wanaoishi wilayani kwake, hata mtoto mchanga, hata asiyepiga kura. Alikaa kimya wiki nzima. Jumapili moja akagonga mlango na daftari la shule la mjukuu wake, akaniambia andika mwanangu. Akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, mimi naandika, tukatafsiri mstari kwa mstari, kila mstari anauliza je umeandika vile nilivyosema? Akaweka sahihi yake taratibu kabisa, herufi moja moja. Alijibiwa. Barua halisi kwenye bahasha, imetaja jina lake na namba ya muswada. Ameiweka nyuma ya kioo cha kabati la vyombo.

Muswada wenyewe haukupita kirahisi. Wawakilishi waliupitisha mwezi wa tatu, ukifika Seneti mwezi wa nne kikomo kikapandishwa kikawa asilimia 10 na mfumuko wa bei juu yake, yaani kwangu mimi pale hakuna kikomo tena. Nikapiga simu upya. Hili nalo watu wanalisahau, wanapiga mara moja wanaona wamemaliza, wakati muswada unaweza kubadilishwa tumboni na jina likabaki lile lile, kwahiyo ukipiga simu soma kwanza toleo la siku hiyo, liko kwenye ukurasa wa muswada. Pande mbili hazikukubaliana ikabidi iundwe kamati ya kupatanisha, wakatoka na asilimia 7 kuongeza mfumuko wa bei, au asilimia 10, inayotumika ni iliyo ndogo. Wakaupitisha tarehe 27 Aprili, siku ya mwisho kabisa ya kikao. Gavana Bob Ferguson akausaini tarehe 7 Mei ukaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Taarifa ya kupandisha kodi sasa ni siku 90, na mwaka wa kwanza wa mkataba hairuhusiwi kupandisha kabisa. Majengo mapya hayaguswi na kikomo hicho kwa miaka 12, hilo sikulipenda ila ndio wapiganaji wa upande wa pili walilopata.

Sisemi ni barua yangu. Waliandika watu wengi sana, na kuna watu wamelisukuma hili miaka kabla mimi sijajua Olympia iko wapi. Ila nikipiga hesabu ile ya kwenye korido kwa sheria ya sasa, 1,650 isingevuka 1,815.

Kikao kinaanza Jumatatu ya pili ya mwezi wa kwanza kila mwaka. Kama huna intaneti nzuri kuna simu ya bunge ya bure, 1-800-562-6000, unaacha ujumbe wanaufikisha kwa watatu wako. Na kama umeshindwa kujua wilaya yako niandikie, nakutafutia, usione aibu. Barua tu ndio sitakuandikia, hiyo utaniambia wewe, kama mama wa chini, mimi nitashika kalamu.