Siku Niliyotembea Juu ya Kontua

Miaka 34 nilichora kontua ubaoni. Chaki ya kahawia ikikosekana nilitumia nyeupe, nikawaambia wanafunzi wangu: mstari huu unapita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, mistari ikibanana, hapo mteremko ni mkali, ikiachana, hapo ardhi imelala. Usambara niliitaja kila mwaka kwenye somo la milima iliyonyanyuliwa na nyufa za ardhi, pamoja na Upare na Uluguru. Niliiona kwa dirisha la basi nikienda Moshi na nikirudi Tanga. Kuipanda kwa miguu yangu sikuwahi, mpaka nilipostaafu.

Tulikuwa wanne, wote wastaafu, wote wa Chumbageni. Nesi aliwazalisha wanawake wa mtaa wetu, kisha akaja kuwazalisha binti zao. Karani alifanya kazi mahakamani hadi siku yake ya mwisho. Bwana Shamba alikuwa bwana shamba, na jina hilo limemganda mpaka leo. Jioni tulikutana uani kwangu, tukalima mchicha, bamia na matembele kwenye vitalu vinne, kila mtu na chake, ingawa kumwagilia tulimwagilia vyote. Bustani ile ndiyo iliyonishika mkono mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, nilipokuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri, naoga, navaa, halafu nakaa kitandani nikikumbuka kwamba hakuna kengele inayonisubiri.

Wazo lilikuwa la Bwana Shamba. Marehemu mama yake alimwachia kipande cha shamba huko milimani, chini kidogo ya Rangwi, na tangu mazishi hakuwa amekikanyaga. Kilikuwa mikononi mwa jamaa wa ukoo. “Twendeni kabla ya vuli,” alisema. “Tukaone bustani ya kweli. Tulale kwenye mahema, tutembee, tufike mpaka Mtae.” Karani aliposikia Mtae alikubali hapo hapo. Aliwahi kuambiwa kwamba ukisimama kwenye ukingo wa Mtae siku isiyo na mawingu, unaona mbuga ya Mkomazi chini yako na Kilimanjaro kule mbali, akataka kuiona kabla magoti hayajamkatalia.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba, mwaka 2019. Kipupwe kilikuwa kinaisha, jua limeanza kukaza, na vuli bado haijagonga hodi. Mahema mawili niliazimwa na skauti wa shule niliyokuwa mlezi wao. Tulipanda basi hadi Mombo, tukabadilisha gari, tukapanda zile kona za Soni hadi Lushoto.

Usiku wa kwanza tulilala msitu wa Magamba. Nimelala sehemu nyingi maishani, lakini usiku ule siusahau. Baridi ilianza kushuka kabla ya Magharibi. Miti ya mikulo imesimama minene kiasi kwamba sote wanne tusingeweza kuikumbatia mingine, na mbega walikuwa wakirukaruka juu huko na mikia yao yenye ncha nyeupe hadi giza lilipowaficha. Tuliinjika makande, tukachoma viazi kwenye makaa, tukanywa chai ya mchaichai nilioung'oa uani kwangu asubuhi ile ile. Nesi alitugawia soksi za sufu, jozi mbili kila mtu, akasimama mpaka kila mmoja alipozivaa. Hiyo ndiyo Nesi.

Saa saba usiku kitu kilipiga kelele juu ya hema letu, kelele ya kukwaruza inayopanda na kupanda hadi ikawa kama mtu anayekabwa. Nesi alinikamata mkono. “Shoga, ni nini hicho?” Kutoka nje Bwana Shamba akajibu taratibu, kama mtu ambaye hakuwa amelala: “Ni perere, dada. Mnyama mdogo tu kama sungura. Ndivyo anavyoitana na wenzake.” Alikuwa amekaa nje karibu na moto uliozimika. Nilimwuliza kupitia turubai kama haumwi. Akasema anafikiria shamba.

Kesho yake tulichukua gari hadi Lukozi, kwenye mizigo ya kabichi na karoti inayosubiri malori ya Dar es Salaam, kisha tukashika njia kwa miguu. Njiani ndipo alipotueleza. Mwaka 1981, akiwa kijana wa miaka 24, mradi wa kuhifadhi udongo ulianza Lushoto kwa msaada wa Wajerumani, naye akawa mmoja wa waliopita kilima kwa kilima kuwaonyesha wakulima namna ya kukinga maji. Mistari ya majani ya Guatemala, nyasi ndefu za malisho, ikate mteremko kwa usawa. Juu ya majani, miti. Ng'ombe afungwe zizini, aletewe majani hayo, na samadi irudi shambani. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu watu walikuwa na kidonda. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Wasambaa kulima matuta, asiyelima akaadhibiwa, na watu wakagoma mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Kijana anayekuja miaka thelathini baadaye akisema “kingeni maji” alikuwa anasikika kama mzungu yule yule aliyerudi na ngozi nyingine. “Wa kwanza kunikubalia alikuwa mama yangu,” alisema. “Nilianza na shamba lake ili watu waone sicheki nao.”

Tulifika saa tisa alasiri. Nilijua tumefika kwa jinsi alivyosimama.

Majani hayakuwepo. Mteremko wote, kutoka kwenye mparachichi wa juu hadi kijito, ulikuwa umelimwa matuta ya kabichi yanayotelemka moja kwa moja na mlima, njia iliyonyooka ya maji. Katikati palikuwa na korongo lililonifika kiunoni. Udongo mweusi ulikuwa umeondoka, limebaki tabaka jekundu lenye mawe. Bwana Shamba alichuchumaa, akachota gao moja, akalisaga kwa vidole, akaliacha lidondoke. Hakusema neno. Nami nilisimama pale nikikumbuka swali nililotunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: taja visababishi vinne vya mmomonyoko wa udongo. Nilitoa alama nne kwa majibu manne. Sikuwahi kumweleza mtoto yeyote kwamba jambo hilo lina uso, na uso ule siku hiyo ulikuwa wa rafiki yangu.

Bibi jirani alitukuta hapo hapo. Alikuja na mundu mkononi na mzigo wa majani kichwani, akautua. “Shikamoo,” tulisema wote, wazee tulivyo. Akaitika, kisha akamtazama Bwana Shamba kwa muda mrefu. “Wewe si ndiye kijana wa pimamaji?” Akatushika mikono, akatupeleka ng'ambo ya mpaka. Shamba lake lilikuwa na ngazi sita za kijani. Kila mstari wa Guatemala ulikuwa mnene kama ukuta, na udongo uliokwama nyuma yake miaka yote ile ulikuwa umejaza mteremko mpaka ukawa karibu tambarare. Mahindi, maharage, migomba, miti ya matunda damu iliyokuwa inachanua. Zizini, ng'ombe mmoja akitafuna.

Bwana Shamba alimwuliza kwa nini yeye hakung'oa.

“Baba yangu alitozwa faini kwa kukataa matuta ya Waingereza,” Bibi alisema. “Nami nilikataa kila aliyekuja baada yao. Wale walikuja na karatasi, mwanangu. Wewe ulikuja na jembe, ukalima na mama yako mchana kutwa, na mimi nikiwa nawatazama hapa.”

Akasema mbegu tutakazo tukate kwake, hata shamba zima. Karani ndiye wa kwanza kutua begi lake chini. Alivua koti. “Mtae haikimbii,” alisema, yeye aliyekuwa akiitaja tangu Muheza. Yule jamaa wa ukoo alipoitwa jioni alikaa na Bwana Shamba faragha, wakazungumza. Nilichojua ni kwamba asubuhi alikuja na majembe mawili na mwanawe.

Fremu ya kupimia usawa tuliitengeneza pale pale. Miti miwili ya kimo cha mtu, imefungwa pamoja kichwani na kutanuliwa miguu; mti wa tatu umekingamishwa katikati, ikawa herufi A kubwa; na kutoka kichwani, uzi wenye jiwe. Bwana Shamba aliisimamisha, akangoja jiwe litulie, akatia alama pale uzi ulipogusa mti wa kati. Akaigeuza, mguu wa kulia ukakaa pa kushoto, akatia alama ya pili. Nusu kati ya alama mbili ndipo usawa ulipo. Uzi ukikaa hapo, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja. Kisha akanipa mimi. “Mwalimu, ushike wewe.”

Tulianzia pale mstari wa Bibi ulipokomea mpakani. Mguu mmoja unabaki, mwingine unazunguka, unautafutia mahali, unapandisha kidogo, unashusha kidogo, mpaka uzi utulie katikati. Nesi anapigilia kigingi. Unazunguka tena. Hatua kumi za kwanza nilikuwa natazama uzi tu. Nilipogeuka nyuma, vigingi vilikuwa vimejikunja kufuata tumbo la mlima, mkunjo ule ule niliouchora mara elfu kwa chaki bila kujua unatoka wapi. Nilikuwa nimesimama juu ya kontua. Nilikuwa na miaka 62, viatu vimejaa udongo mwekundu, na machozi yakanitoka; Nesi aliyaona, akaendelea kupigilia vigingi.

Kwenye korongo mstari ulipinda ndani kuelekea mlimani, ukatoka upande wa pili, kama vitabu vinavyosema. Tukaendelea hadi mwisho wa shamba, penye kichaka kilichokuwa kimefunga mpaka wa pili. Kigingi cha mwisho kiliangukia ndani ya kichaka chenyewe. Karani akakifyeka ili tukipigilie vizuri, na panga lake likagonga kitu kigumu. Alikuwa amekuta shina la Guatemala, kuukuu, limekauka nusu, lakini pembeni limechipua majani matatu. Lilikuwa limesimama palepale mguu wa fremu ulipokuwa umetua.

Bwana Shamba alipiga magoti. Alilishika shina lile kwa mikono miwili. “Hili nilipanda na mama,” alisema. Kutoka mpakani kwa Bibi hadi pale hakukuwa na hata jani moja la kutuongoza, tulikuwa na uzi na jiwe tu, na tulikuwa tumefika kwenye mstari wake.

Tulipima mistari mingine minne siku iliyofuata, tukachimba, tukitupa udongo upande wa juu. Magoti ya Karani yalivimba. Nesi aliyakanda usiku kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa moto. Mahema tulikuwa tumeyasimika chini ya mparachichi, na Bibi akatuletea bada kwa mnavu kila jioni. Siku ya nne usiku niliamshwa na sauti juu ya turubai. Safari hii haikuwa perere. Yalikuwa manyunyu, laini, kama mchele unaopepetwa. Nilisikia zipu ya hema la pili ikifunguliwa.

Kulipopambazuka tulipanda. Shina linakatwa pingili tatu, linalazwa kwa mshazari, pingili mbili ardhini na moja juu, kila futi moja jingine. Bibi alitembea nyuma yetu akishindilia kwa kisigino. Karani aliimba nyimbo za kwaya ya mahakama. Bwana Shamba hakuimba, alikuwa akienda kutoka shina hadi shina akiligusa kila moja kichwani, kama mwalimu anavyohesabu watoto wake asubuhi, hadi akafika mwisho, kwenye lile la zamani.