Soma na mistari iliyorukwa: kuandaa masomo ya Dominika nyumbani

Tafakari ya Dominika (Jumapili) huanza katikati ya wiki. Mama anayeyasikia masomo kwa mara ya kwanza kanisani, jicho moja kwa msomaji na jingine kwa watoto, hurudi nyumbani na sentensi moja tu. Tenga dakika 20 siku ya Alhamisi, chukua daftari na kalamu, na ufungue Biblia kamili. Misale (kitabu cha Misa) na programu za simu zinakupa sehemu itakayosomwa. Biblia inakupa pia iliyoachwa, na huko ndiko wanawake kadhaa walikobaki.

Jua kwanza mko mwaka upi. Katika Kanisa Katoliki masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A hutawaliwa na Mathayo, B na Marko, C na Luka. Yohane husikika zaidi Kwaresima na Pasaka, na katika Dominika tano za Mwaka B zinazopitia sura yake ya 6. Gawa mwaka kwa 3: kisipobaki kitu ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. Kwa hiyo 2026 ni Mwaka A, nao ulianza Dominika ya kwanza ya Majilio (kipindi cha kujiandaa kwa Noeli) 2025.

Anza na Injili, kisha rudi kwenye somo la kwanza. Katika Kipindi cha Kawaida, yaani nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, somo la kwanza limechaguliwa liendane na Injili, na zaburi ni jibu la somo hilo. Somo la pili linafuata njia yake, waraka mmoja ukisomwa kwa mfululizo Dominika hadi Dominika. Wengi huchoka hapa kwa sababu wanalazimisha masomo yote matatu yaseme jambo moja. Usijisumbue. Lisome somo la pili peke yake, siku nyingine ukipenda.

Sasa mistari yenyewe, katika Dominika za Kipindi cha Kawaida. Dominika ya 13 ya Mwaka B ina Marko 5:21-43, lakini Kanisa linaruhusu somo fupi, na katika hilo fupi yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 hayumo kabisa. Dominika ya 11 ya Mwaka C, somo fupi linaishia Luka 7:50, kabla ya Maria Magdalena, Yoana na Susana waliomhudumia Yesu na wenzake kwa mali zao. Dominika ya 33 ya Mwaka A tunasoma Mithali 31, ila ni aya za 10-13, 19-20 na 30-31 tu. Yanabaki sufu, kusokota nyuzi, kuwasaidia maskini na kumcha Bwana. Yule anayechunguza shamba na kulinunua (aya ya 16), anayeuza nguo alizotengeneza (24) na anayefungua kinywa kwa hekima (26) hasikiki. Mama mwenye biashara ana haki ya kujikuta humo, kwa hiyo soma sura hadi mwisho.

Kuna pia Waefeso 5, Dominika ya 21 ya Mwaka B. Anzia aya ya 21, inayowataka wote wanyenyekeane, kisha hesabu aya wanazoambiwa wake na zile wanazoambiwa waume. Waume wameambiwa mengi zaidi, na kipimo chao ni Kristo aliyejitoa. Anayeitumia sura hii kumwambia mwanamke anayepigwa avumilie ameipindua. Jambo hili lisemwe waziwazi, maana wapo wanaoumia kwa ajili yake.

Ukishasoma, andika vitu vitatu: vitendo vilivyotajwa, nani anasema na nani kanyamaza, na neno moja lililokukwama. Usiandike funzo bado. Kosa kubwa la tafakari zetu ni kukimbilia funzo, na funzo la haraka huwa lilelile kila wiki: tuwe na imani, tupendane, tusali. Ukiwa na vitendo mkononi huwezi kuteleza hivyo.

Tujaribu kwa Marko 5. Yule mwanamke ametumia mali yake yote kwa waganga wengi na hali imezidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Walawi 15, alichokikalia na alichokilalia kilihesabika najisi, na aliyekigusa naye pia, basi maradhi yake yalikuwa ya kitandani na ya kiti, siyo ya mwili tu. Anapita nyuma, anagusa vazi. Yesu anasimama, wakati Yairo, baba mwenye binti mahututi, anangoja. Kisha mwanamke anasema ukweli wote mbele ya umati, na Yesu anamwita "binti". Yule mtoto wa Yairo ana miaka 12, sawa na miaka ya ugonjwa.

Maswali ya nyumbani yanatoka humo moja kwa moja. Nani katika familia amemaliza fedha kwenye matibabu na anaona aibu kusema? Ni maradhi gani ya kike yanayofichwa hata kwa mabinti? Ninapoharakia dharura moja, nani kanigusa nyuma nikampita?

Dominika ya 16 ya Mwaka C huharibiwa mara nyingi. Martha anayehangaika kuhudumia na Maria aliyeketi kumsikiliza Yesu (Luka 10:38-42) wanageuzwa kuwa karipio kwa wapishi, na wanawake wanatoka kanisani wamelemewa zaidi. Tazama somo la kwanza siku hiyo: Mwanzo 18, Abrahamu anakimbilia hemani na Sara anakanda vipimo vitatu vya unga kwa ajili ya wageni, nao wanabarikiwa. Kanisa lisingeweka somo hilo hapo kama Injili ingedharau jikoni. Yesu anagusa mahangaiko ya Martha, na kule kutaka Maria aondolewe alipoketi. Swali zuri ni hili: ni nani nyumbani kwetu asiyepata kamwe nafasi ya kuketi, na ni kazi ipi mwingine anaweza kuibeba?

Mkitafakari kikundini, someni Injili mara mbili kwa wasomaji wawili, mkiacha ukimya wa dakika mbili katikati. Kila mmoja ataje kwanza neno lake bila maelezo. Hilo huwapa nafasi wanyamavu kabla wazungumzaji hawajaanza. Asipewe mtu ushauri ambao hakuuomba, na yanayosemwa pale yasitoke nje. Malizeni kwa kutaja tendo moja la wiki, lenye siku na jina la mtu: "Jumanne nitampigia shangazi." Likiwa "nitakuwa mvumilivu zaidi", Dominika ijayo hakuna atakayejua kama lilifanyika.