Siku moja ya mfuatiliaji wa meli

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua ramani. Wengi hudhani kazi yangu ni kutazama nukta zikisogea kwenye kioo. Nukta hizo hutoka kwenye mtambo wa AIS: meli iliyo safarini hutangaza mahali ilipo kila baada ya sekunde chache, na ikitia nanga, kila dakika 3. Lakini bandari iendako, saa ya kufika na drafti, yaani kina ilichozama majini, huandikwa kwa mkono na ofisa wa melini. Asipobadilisha, utasoma habari za safari iliyopita.

Jina pia silitegemei, maana meli ikiuzwa huweza kupewa jingine. Nashika namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya tarakimu 7, inayodumu na meli hadi inapovunjwa.

Meli ya leo ni ndogo: urefu mita 90, upana 14, ngama moja, yaani chumba cha shehena, haina kreni. Imebeba ngano.

Saa mbili hadi saa nne ni barua pepe tu.

Saa nne na robo mwenye shehena anapiga. "Meli yangu imezama! Tangu jana haionekani kwenye simu!"

"Haijazama, bosi. Imetoka nje ya upeo wa vipokezi vya pwani. Huko huonekana kwa setilaiti, na ramani yako ya bure haina. Mimi naiona, inakwenda maili 9 za baharini kwa saa."

Kimya kidogo. Kisha: "Mtandaoni inasema inabeba tani 4,200. Hati yangu ina 3,980. Tani 220 kaziuza nani?"

Namweleza kwamba 4,200 ni uzito wote ambao meli inaweza kubeba: mafuta, maji ya kunywa, vipuri, chakula, mabaharia, na maji ya farumi (ya kuituliza meli isiyo na shehena) yasiyonyonyeka tangini. Kinachobaki ndicho cha ngano. Haridhiki. Anamwita mhasibu wake, naanza upya. Mhasibu kaona 2,900 mahali pengine, anauliza kama hizo ndizo tani halisi. Hapana, hicho ni kipimo cha ujazo wa meli, si uzito kabisa. Mteja anarudi kwenye simu na swali lilelile. Sauti yangu imekauka, ila siwezi kumkatia. Fedha zake zote zimo ngamani.

Mchana nakula nikiwa mezani.

Baadaye, sijui saa ngapi, naona drafti ya mita 3.4. Meli iliyojaa haiwezi kuelea juu hivyo. Namwandikia nahodha, anajibu: 5.6. Nayo bandari iendako iko mtoni, na kwenye maji yasiyo na chumvi meli hii huzama zaidi kwa sentimita 12 hivi. Kwa kina cha mlangoni, haipiti maji yakipwa. Hapo ndipo naipenda kazi hii: ramani haikusema neno.

Giza limeshaingia tunapokubaliana na rubani, anayeongoza meli kuingia bandarini, apande maji yakijaa, saa saba usiku. Nampigia mwenye shehena kumjulisha. Anashukuru, halafu anauliza tena zile tani 220, nami naanza na mafuta.