Riwaya ya Pate: sura ya tumbaku imeisha

Haya, sura ya mashamba ya tumbaku nimeimaliza jana usiku, ile iliyonichukua muda kuliko zote. Kwa anayefika leo: hadithi inatokea kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, na sio Lamu ya watalii, ni kule ambako watu wanalima tumbaku ndani ya magofu ya mji wa zamani, kuta za mawe zimesimama huku na huku na miche imepandwa palepale palipokuwa ukumbi wa mtu.

Tumbaku haitaki papara. Ukiona inataka kutoa ua unalivunja, na vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani navyo unavitoa kimoja kimoja ili nguvu yote iende kwenye jani, na utomvu unagandia vidoleni mpaka vinakuwa vyeusi vinanata, sabuni inapita juu tu. Mhusika wangu mkuu, Bibi Maimuna, nimempa kazi hiyo huku akimgombeza mjukuu wake, maana mtu wa shamba hakai kitako akakutolea hotuba, anaongea mikono iko kazini, neno linakatika akivunja ua linaendelea mche wa pili. Nilipoliona hilo mazungumzo yote ya sura yakafunguka.

Na anaongea Kiamu, lahaja ya Lamu, hapo sibanduki. Msimulizi atatumia sanifu ila bibi akisema "siyui" itabaki siyui, na akimwita mtoto ni "ndoo hapa, yua kali". Rafiki yangu mmoja alosoma rasimu anataka niweke orodha ya maneno mwisho wa kitabu, mi sitaki. Mtu akisimama gatini Mtangawanda akapaza sauti "mai yameyaa!" na abiria wote wakabeba mizigo mbio kwenye mashua, maana maji yakitoka mnaweza kukwama Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia vyombo, mkangoja saa na saa, basi msomaji wa Dodoma au Bungoma kashaelewa bila mwalimu.

Kitu ninachokipenda zaidi ni vile bibi anavyobadilika. Kwa chifu anajitahidi kusema kama redio, pole pole, sentensi fupi fupi, na pale anaonekana mnyonge kabisa, lakini akirudi shambani ulimi unafunguka na hakuna wa kumshinda kwa maneno. Mjukuu aliyesoma Mombasa yeye anachanganya, ila akikasirika Kiamu kinamtoka chenyewe.

Kiamu kimebeba tungo kubwa kubwa jamani, mshairi Mwana Kupona alikuwa wa Pate huko huko na utendi wake ni wa 1858, halafu 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu na ndo tukasomeshwa hicho sote. Sina ugomvi na sanifu, nimelelewa nayo, lakini natamani sana Kiamu kiingie kwenye riwaya kikilima, kikidai deni, kikibembeleza mtoto, sio kwenye mashairi peke yake.

Sura inayofuata ni ya mnunuzi wa majani makavu, nimemfanya Mmvita, mtu wa Mombasa, ili wapigane bei kila mtu na lahaja yake, na bibi hashuki kirahisi. Ikikaa sawa nitaweka kipande hapa mkisome.