Kutafuta ukoo wa Kiskoti mtandaoni: anza na cheti cha kifo

Mwenye wazee waliotoka Scotland ana bahati kubwa kuliko mwenye wazee wa England. Tangu serikali ilipoanza kusajili watu, tarehe 1 Januari 1855, cheti cha ndoa cha Scotland kinataja wazazi wote wanne, na cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu. Mama anaandikwa pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Kwa hiyo karatasi moja inakurudisha nyuma kizazi kizima.

Tovuti ya kuanzia ni ScotlandsPeople, ya hifadhi ya kumbukumbu ya taifa ya Scotland. Kutafuta jina ni bure. Unacholipia ni picha ya ukurasa. Krediti 30 ni pauni 7.50, na picha ya cheti hula krediti 6. Nakala rasmi ni ghali zaidi, na kwa kazi hii huihitaji.

Kwa nini uanze na kifo? Picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, za ndoa baada ya 75, za vifo baada ya 50 tu. Mwanamke aliyeolewa mtafute kwa jina la mume au la kwao, maana kwenye faharasa ya vifo yumo kwa yote mawili. Angalia pia nani alitoa taarifa. Mtoto wa marehemu huwajua babu na bibi yake. Mkwe au jirani huenda alikisia. Majina ya wazazi yakikutia shaka, nunua cheti cha kifo cha ndugu wa marehemu ulinganishe.

Ukimpata mtu aliyesajiliwa mwaka 1855 wenyewe, shukuru. Cheti cha kuzaliwa cha mwaka huo kina umri wa wazazi, walikozaliwa, walipofungia ndoa na idadi ya watoto waliotangulia. Makarani walilemewa, na mwaka 1856 mengi ya hayo yakaondolewa. Tazama pia pambizo ya kushoto: ukiona rejea ya daftari la masahihisho, ifuate, kwani mara nyingine ndipo jina la baba lilipoongezwa.

Sensa zilizo wazi ni za 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 huwapoteza wengi: umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi kigawe cha tano, hivyo mtu wa miaka 44 ameandikwa 40. Tafuta kwa upana. Majina ya Mc na Mac nayo hubadilika ovyo, kwa hiyo andika M*Donald, nyota isimame badala ya herufi usizo na uhakika nazo.

Kabla ya 1855 unabaki na madaftari ya parokia ya Kanisa la Scotland, la zamani zaidi likiwa la Errol, mwaka 1553. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Maziko yaliyoandikwa ni machache. “Ndoa” mara nyingi ni tangazo tu la kanisani la nia ya kuoana, na huweza kuonekana mara mbili, parokia ya bwana na ya bibi arusi, kwa tarehe tofauti. Mgawanyiko wa kanisa hilo wa 1843 ulihamisha waumini wengi kwenda Kanisa Huru, na watoto wao wengi hawamo humo. Baba akikosekana kabisa, fungua kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa, ambazo nazo zimewekwa mtandaoni: mama aliyezaa nje ya ndoa aliitwa kikaoni, akaulizwa baba ni nani, na karani akaandika jibu.